Jiwe zito la Waswidi: tungsteni ilivyopata jina, na wenye jina walivyoliacha

Köping, Uswidi, mwaka 1781. Mfamasia Carl Wilhelm Scheele anamwagia asidi unga wa jiwe jeupe lenye kijivu kidogo. Unga hauyeyuki wote kama ambavyo ungeyeyuka unga wa chokaa, wala haukai vilevile kama unga wa kwatzi. Unageuka manjano, manjano ya ndimu iliyoiva.

Anauosha, kisha anaumiminia amonia. Ile sehemu ya manjano inayeyuka na kuondoka. Kilichobaki anakirudishia asidi, nacho kinageuka manjano tena. Amonia tena, asidi tena, hadi jiwe linakwisha. Asidi imebeba chokaa: ukiitonea asidi ya salfuriki, jasi inatuama chini. Amonia imebeba kitu kingine, ambacho hakuna aliyewahi kukieleza.

Kitu hicho hakikuwa na jina. Jiwe lilikuwa nalo: tungsten. Kwa Kiswidi ni maneno mawili yaliyoungana, *tung*, zito, na *sten*, jiwe.

Jiwe zito, basi.

Swali ambalo limekuwa likinirudia kwa wiki kadhaa ni hili. Mwingereza anaiita metali hii *tungsten*, Mfaransa *tungstène*, nasi tunaandika tungsteni. Wote tumekopa Uswidi. Mswidi mwenyewe anaiita *volfram*. Kwa nini watu walioipa dunia neno walichague neno la jirani?

## Mkono kabla ya mizani

Jina ni la zamani kuliko kazi ya Scheele. Mwaka 1751 Axel Fredrik Cronstedt, mtaalamu wa madini yuleyule aliyeitambua nikeli, aliandika juu ya mawe mazito yaliyokuwa yakitoka kwenye migodi ya chuma ya Uswidi. Moja lilitoka Bispberg, karibu na mji wa Säter, mkoa wa Dalarna. Aliliweka katika kundi la mbale za chuma, yaani mawe yenye chuma ndani yake. Fikra yake inaeleweka: limetoka mgodi wa chuma, na ni zito kupita kiasi, basi uzito huo utakuwa wa chuma.

Kwa macho, jiwe lile halifanani na chuma hata kidogo. Huwa jeupe, la kijivu, au la manjano hafifu, na linang'aa kama lililopakwa mafuta. Ukilikuta limelala ndani ya mwamba wa kwatzi unaweza kulipita bila kugeuka.

Mkono ndio unaolikamata. Kwatzi ina densiti ya takriban gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo. Jiwe la Bispberg, ambalo leo linaitwa sheeliti kwa heshima ya Scheele, lina karibu gramu 6. Vipande viwili vya ukubwa uleule, kimoja kina uzito zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Anayepakia mawe kutwa nzima mkono wake umeshajua kipande cha ukubwa fulani kinapaswa kuwa na uzito gani. Jiwe hili linaupinga mkono, na hapo ndipo jina linapozaliwa.

Kuupima uzito huo kwa namba hakuhitaji maabara. Funga jiwe kwa uzi mwembamba wa nailoni, litundike kwenye mizani ya kuning'iniza, andika uzito wake likiwa kavu. Kisha lizamishe lote ndani ya ndoo ya maji, bila kugusa chini wala ubavuni, uandike uzito wa pili. Toa wa pili kwenye wa kwanza, halafu gawa uzito mkavu kwa tofauti hiyo. Jiwe la gramu 300 linalosoma 250 ndani ya maji limepungua 50, kwa hiyo densiti yake ni 6.0: angalia sheeliti. Likisoma 258, umepata 7.1: hapo uko kwenye wolframaiti, jiwe jingine, jeusi, lenye tungsteni, au mbale ya bati. Likisoma 187, umepata 2.65, nalo ni kwatzi tupu hata kama lina rangi ya kuvutia.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki karibu yote yanaangukia upande mmoja, yaani yanashusha namba. Viputo vya hewa vikishikilia kwenye nyufa, jiwe linaelea kidogo. Lisugue kwa brashi likiwa majini. Kwatzi iliyoganda ubavuni nayo inashusha, kwa hiyo lipasue upime kipande kisafi. Na usipime kipande kidogo kwa mizani ya jikoni: kwa jiwe la gramu 20, kosa la gramu moja linaweza kukutoa kwenye sheeliti likakupeleka kwenye madini mengine kabisa.

Uzito peke yake haumalizi kesi. Wolframaiti ina densiti ya takriban 7.1 hadi 7.5, mbale ya bati 6.8 hadi 7.1, nazo mara nyingi hutoka kwenye mkuza mmoja, yaani ufa wa mwamba uliojaa madini. Hapo chukua kigae, upande wa nyuma usiong'arishwa, ulikwaruzie jiwe. Wolframaiti huacha mstari wa kahawia iliyokolea au mweusi; mbale ya bati huacha mstari hafifu, karibu mweupe. Sumaku yenye nguvu ya neodimiamu huivuta punje ya wolframaiti kwa unyonge lakini kwa dhahiri. Punje safi ya bati haishtuki. Kama bado una shaka, weka punje juu ya kipande cha zinki na uitonee asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa: mbale ya bati itavaa ngozi ya kijivu ya bati halisi.

Sheeliti ina jaribio lake peke yake, na ni zuri kuliko yote. Imulike gizani kwa taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, nanomita 254, nayo itawaka buluu yenye weupe. Ikiwa na molibdeni ndani, mwanga unaelekea manjano. Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya taa: vitaa vya kukagulia noti vinavyouzwa madukani ni vya nanomita 365, na kwa mwanga huo sheeliti hubaki kimya. Taa ya 254 nayo inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo vaa miwani ya kinga, usiielekeze usoni.

## Aliyekula bati

Jina la pili linatoka kwingine kabisa, kwenye milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Saksonia na Bohemia, yaani Ujerumani na Ucheki za leo, ambako watu walichimba bati kwa karne nyingi.

Pamoja na bati lilitoka jiwe jeusi, zito, lenye kung'aa. Kwa sababu uzito wake unakaribiana sana na wa mbale ya bati, maji hayakuweza kuyatenganisha: kila lilipobaki bati baada ya kuosha, nalo lilibaki. Likaingia tanurini. Humo ndimo lilipofanya uharibifu. Bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 tu. Tungsteni, kama tunavyojua leo, haiyeyuki mpaka nyuzi 3422, joto kubwa kuliko la metali nyingine yoyote. Kwa hiyo haiwezi kutiririka pamoja na bati. Huingia kwenye mavi ya chuma, yaani ule uchafu unaoelea juu ya metali iliyoyeyuka, huyafanya mazito, na bati hubaki limenaswa humo. Mfuaji alipima mbale iliyoingia, akapima bati lililotoka, akaona pengo.

Wakasema kuna mbwa mwitu tanurini anayekula bati kama anavyokula kondoo.

Mwaka 1546 Georgius Agricola aliliandika jiwe hilo kwa Kilatini, *lupi spuma*, povu la mbwa mwitu. Kwa Kijerumani likawa *wolf rahm*, kisha *wolfram*. Hilo *rahm* wenyewe wanalibishania, wapo wanaosema ni povu au malai, wapo wanaosema ni masizi. Mnyama ndiye asiyebishaniwa.

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeyachukulia majina haya mawili kama visawe, kimoja cha kaskazini na kimoja cha kusini. Lakini hayasemi kitu kimoja. *Tung sten* ni neno la mtu aliye shimoni, anayeokota jiwe na kulihisi. *Wolfram* ni neno la mtu aliye tanurini, anayehesabu hasara. Tena ni mawe mawili tofauti. La Bispberg ni tungsteni iliyoshikana na chokaa, lile jeusi la Saksonia ni tungsteni iliyoshikana na chuma na manganisi. Hakuna mchimbaji yeyote, wa Uswidi wala wa Saksonia, aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba jeupe na jeusi ni ndugu.

Dawa ya mbwa mwitu ilichelewa sana. Mwaka 1847 Robert Oxland, Mwingereza, alipata hataza ya njia iliyotumika Cornwall: changanya mbale na magadi soda, uichome, tungsteni igeuke chumvi inayoyeyuka majini, uioshe na kuitoa, ndipo bati liende tanurini. Baadaye zikaja mashine za sumaku. Kazi hiyohiyo ipo leo Kalima, mkoani Maniema, Kongo, ambako mbale ya bati na wolframaiti hutoka pamoja. Mwenye mashine ya sumaku huuza mifuko miwili kwa bei mbili. Asiye nayo huuza mchanganyiko, na mnunuzi humkata pande zote.

## Asidi moja, baba wawili

Aliyeyakutanisha mawe haya alipitia Uswidi kwanza. Juan José Elhuyar, Mhispania, alisoma Uppsala kwa Torbern Bergman, mkemia aliyekuwa ameshasema kwamba ule unga wa Scheele huenda una metali mpya ndani. Aliporudi nyumbani, yeye na mdogo wake Fausto walifanya kazi Bergara, katika nchi ya Wabaski, kwa kutumia wolframaiti kutoka Zinnwald, hukohuko Erzgebirge.

Waliyeyusha jiwe pamoja na alkali, wakalitia majini, wakatumia asidi kuutoa unga. Ulikuwa wa manjano. Sifa zake zilikuwa zilezile za unga wa Scheele.

Kisha wakafanya kile ambacho Scheele hakukifanya. Walichukua punje 100 (punje ni kipimo cha zamani cha uzito) za unga huo, wakauweka ndani ya chungu chenye mkaa, wakakifunga vizuri, wakakichoma kwa moto mkali kwa saa moja na nusu. Walipokivunja walikuta kidonge cha kahawia iliyokolea kinachosagika kati ya vidole. Kwa lenzi waliona ndani yake vitone vya metali, vingine vikubwa kama kichwa cha pini. Uzito ulikuwa punje 60, densiti walipima 17.6.

Namba hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa. Densiti ya tungsteni safi ni karibu 19.3, sawa na dhahabu kiasi kwamba wahuni hutengeneza vipande vya dhahabu bandia kwa kujaza tungsteni ndani. Kwa kidonge kilichojaa matundu, kilichotoka kwenye moto wa mkaa usioweza hata kukaribia nyuzi 3422, kufika 17.6 ni kazi ya heshima. Mkaa ulikuwa umenyonya oksijeni na kuacha metali, bila metali hiyo kuyeyuka hata kidogo. Tungsteni hutengenezwa hivyo mpaka leo: unga wa oksaidi unanyang'anywa oksijeni, siku hizi kwa hidrojeni, halafu unga wa metali unashindiliwa na kuokwa mpaka ushikane.

Mwaka 1783 ndugu hao walichapisha kazi yao na kuipa metali jina la *volfram*, kwa kuwa waliitoa kwenye wolframaiti. Hawakukosea. Wala Waswidi hawakukosea. Kila upande ulitoa jina kwenye jiwe lililokuwa mezani.

## Jiwe zito la pili

Kufikia hapa nilikuwa na jibu la swali langu, lakini lilikuwa jepesi mno: Waswidi waliacha *tungsten* kwa sababu masikioni mwao ni maelezo tu. Mtu anayezungumza lugha hiyo hawezi kusikia "metali iitwayo jiwe zito" bila kuhisi kitu kimekaa vibaya, kwani jiwe si metali. Sisi tusiojua Kiswidi tunasikia sauti tupu, na sauti tupu inafaa kuwa jina.

Jibu hilo ni kweli. Halitoshi.

Cronstedt hakuandika juu ya jiwe zito moja. Kulikuwa na jingine, kutoka mgodi wa Bastnäs karibu na Riddarhyttan, mkoa wa Västmanland. Lilikuwa na rangi nyekundu-kahawia, densiti chini kidogo ya 5. Nalo liliitwa tungsten, tungsten ya Bastnäs. Wala si ajabu: mkono wa mchimbaji haupimi kemia. Jiwe likizidi matarajio, ni tung sten.

Wilhelm Hisinger, ambaye familia yake ilikuwa na mgodi huo, alimpelekea Scheele vipande akiwa bado kijana wa miaka kama 15. Scheele alilijaribu kwa njia iliyompa unga wa manjano. Unga haukutokea. Jiwe la Bastnäs halikuwa na tungsteni ndani yake kabisa.

Lilikaa hivyo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1803 Hisinger, sasa mtu mzima, alilirudia pamoja na mkemia kijana Jöns Jacob Berzelius. Wakatoa humo oksaidi ya metali mpya, wakaiita seri, kutokana na Ceres, gimba la angani lililogunduliwa mwaka 1801. Mwaka huohuo Martin Heinrich Klaproth alifikia jambo hilohilo Ujerumani. Mwaka 1839 Carl Gustaf Mosander, mwanafunzi wa Berzelius, akagundua kwamba seri ile ilikuwa na metali nyingine iliyojificha ndani yake, lanthani.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa neno lenyewe. *Tungsten* ya mwaka 1751 haikuwa jina la dutu. Ilikuwa jina la jaribio. Mawe mawili yalifaulu jaribio la mkono, na kemia ilipoyafungua ikakuta ndani yake metali zisizo na undugu wowote. Mswidi wa mwaka 1803 aliyesema *tungsten* ilibidi aongeze: ya Bispberg au ya Bastnäs? Neno la namna hiyo haliwezi kubeba elementi moja ya kemia. Nje ya Uswidi ni wachache waliolijua jiwe la Bastnäs kwa jina hilo, kwa hiyo Waingereza na Wafaransa walilichukua neno likiwa na maana moja tu, safi, wala hawakuwa na sababu ya kulitupa.

Dunia nzima iliendelea na majina yote mawili. Alama ya elementi ikabaki W, ya *wolframium*. Mwaka 2005 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, liliondoa *wolfram* kwenye kitabu chake chekundu cha majina ya Kiingereza, na wakemia wa Uhispania walilalamika kwa nguvu. Naona walikuwa na haki. Aliyeitoa metali kwa mara ya kwanza aliipa jina, na alama bado inalitaja.

## Ukanda wa maziwa makuu

Kuna sehemu duniani ambako mawe haya mawili, jeupe la Bispberg na jeusi la Saksonia, yameungana kwa namna ambayo Scheele na ndugu Elhuyar wangeifurahia. Iko kwetu.

Kutoka Rwanda hadi kusini-magharibi mwa Uganda kuna mfululizo wa migodi ambao wanajiolojia wameuita ukanda wa tungsteni: Nyakabingo wilayani Rulindo, Gifurwe wilayani Burera, kisha ng'ambo ya mpaka, Nyamulilo katika Kigezi. Mikuza ya kwatzi inapita ndani ya miamba ya matabaka yenye kaboni nyingi, na madini yake yalikuja na vimiminika vya moto vilivyohusiana na matale ya karibu miaka bilioni 1 iliyopita. Mbale yenyewe ni feberaiti, yaani wolframaiti yenye chuma nyingi.

Lakini tazama umbo la fuwele zake Nyamulilo na Gifurwe. Nyingi zina umbo la sheeliti, ile piramidi mbili zilizogusana vitako. Sheeliti ilikua kwanza, kisha vimiminika vyenye chuma vikapita, vikaiondoa chokaa punje kwa punje na kuweka chuma mahali pake, umbo likabaki. Fuwele za namna hiyo huitwa reinaiti. Ukishika moja umeshika *tung sten* iliyogeuka *wolfram* bila kubadili sura.

Biashara yake ina hesabu inayowachanganya wengi. Bei haitajwi kwa kilo ya mchanga, yaani mbale iliyosagwa na kusafishwa, bali kwa kizio cha tani, ambacho ni kilo 10 za oksaidi ya tungsteni zilizomo ndani ya mchanga huo. Tani 1 ya mchanga wenye oksaidi asilimia 65, ambacho ndicho kiwango cha kawaida sokoni, ina oksaidi kilo 650, yaani vizio 65. Ndani ya kilo hizo 650, tungsteni yenyewe ni kilo 515 hivi, kwa kuwa oksaidi ni asilimia 79.3 tungsteni na iliyobaki ni oksijeni. Bati, arseniki, fosforasi na salfa hupunguza bei. Mchanga ukiwa na koltani, mbale ya tantali, sumaku haisaidii kama inavyosaidia kwenye bati, kwa sababu koltani nayo huvutwa kwa unyonge uleule. Hapo unahitaji mashine yenye nguvu ya kurekebishika na mtu anayeijua.

Wachimbaji wa Kivu na Rwanda husema wolfram. Makaratasi ya serikali na ya wanunuzi husema tungsteni, hasa tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ilipoyaweka bati, tantali na tungsteni, pamoja na dhahabu, kwenye kundi la madini ya migogoro; hayo matatu huitwa 3T, kwa herufi za kwanza za Kiingereza. Mimi nayaachia maneno yote mawili mahali yalipo: wolframi kwa kilicho kwenye karai na kwenye mfuko, tungsteni kwa metali iliyokwisha kutengenezwa. Mgawanyo huo umejipanga wenyewe midomoni mwa watu wa kazi, na unafanana na historia yake.

## Maduka na mabango

Viwanda vya taa vilikuwa vya kwanza kuchoka na mabishano. Sándor Just na Franjo Hanaman walipata hataza ya waya wa tungsteni wa balbu mwaka 1904, na kampuni ya Hungaria iliyotengeneza taa hizo ikayachukua majina yote mawili: Tungsram. Osram ya Ujerumani ilichanganya majina ya metali mbili, osmi na wolframi. Balbu ya waya ikipata ufa na hewa ikaingia, moshi mweupe-manjano unaoganda ndani ya kioo ni oksaidi ileile ya Köping.

## Rangi za ncha

Mahali ambapo fundi wa leo hukutana na maneno haya uso kwa uso ni kwenye pakiti ya elektrodi za kuchomelea kwa TIG, yaani kuchomelea kwa safu ya umeme iliyokingwa na gesi. T ni tungsteni. Mjerumani huita WIG. Mswidi husema *TIG*, kwa sababu kifupi kilimjia kupitia Kiingereza, na anachokaza kwenye tochi yake hukiita *volframelektrod*.

Ncha ya kila elektrodi imepakwa rangi, na namba za kimataifa zinaanza kwa W. Kijani ni WP, tungsteni tupu. Nyekundu ni WTh20, yenye oksaidi ya thori asilimia 2. Thori nayo ni neno la Skandinavia: Berzelius aliitoa mwaka 1829 kwenye jiwe la Norwe na kuipa jina la Thor, mungu wa radi wa watu wa kale wa huko. Kijivu ni WCe20, yenye oksaidi ya seri asilimia 2. Dhahabu ni WLa15, yenye oksaidi ya lanthani asilimia 1.5.

Seri na lanthani ni metali za jiwe la Bastnäs. Mawe mawili ambayo Cronstedt aliyaita jiwe zito, na ambayo kemia iliyatenga kwa kuwa hayana undugu, kiwanda kimeyarudisha ndani ya fimbo moja ya milimita 2.4. Sababu ni ya kikazi. Tungsteni tupu huachia elektroni kwa shida, mpaka iwe moto sana. Oksaidi hizi huzilegeza, na safu ya umeme inawaka haraka kwa ampea chache huku ncha ikibaki kali.

Kwa chuma na chuma cha pua, unganisha tochi kwenye hasi. Ukiiweka chanya, joto linarudi kwenye elektrodi na ncha inayeyuka kuwa tone. Fimbo ya milimita 1.6 inafaa ampea 70 hadi 150, ya 2.4 inafaa 150 hadi 250. Inoe kwa urefu, mistari ya grainda ielekee nchani. Ukiinoa kwa kuizungusha ikiwa imekingamana na jiwe, mistari inaizunguka na safu inatangatanga. Urefu wa ncha uwe mara 2 hadi 2.5 ya kipenyo, yaani milimita 5 hadi 6 kwa fimbo ya 2.4. Gesi ya agoni iwe lita 8 hadi 12 kwa dakika. Ukimaliza, acha gesi itiririke sekunde 1 kwa kila ampea 10, kwa sababu tungsteni ya moto ikikutana na hewa inageuka buluu, kisha manjano, na ncha hiyo haifai tena. Ikigusa chuma kilichoyeyuka, usijaribu kuisafisha kwa moto: ikate, uinoe upya.

Unaponoa fimbo nyekundu kwa grainda, vaa barakoa ya vumbi na uwe na kinyonya vumbi, kwani thori hutoa mionzi na hatari yake kubwa ni ikivutwa mapafuni. Usinoe nyekundu na alumini kwenye jiwe moja. Kwa mabati membamba na mabomba madogo, chini ya ampea 100, kijivu inawaka vizuri kuliko zote. Kwa kazi ndefu na ampea za juu, chukua ya dhahabu.